Mfereji Tuliouchimba Wenyewe

Jumamosi, 22 Februari

Mikono imetoka malengelenge na kalamu inaniuma, lakini leo nina furaha, acha niandike. Umuganda kama wa leo sijawahi kuuona. Kawaida Jumamosi ya mwisho ya mwezi mtaa mzima tunatoka, tunafyeka nyasi, tunaokota chupa, tunakaa kikao na kurudi nyumbani. Leo hoteli yetu imeleta majembe mapya, fulana za kijani na juisi ya matunda ya maracuja kwa kila mtu. Tumechimba mfereji kuanzia nyuma ya ukuta wa hoteli, tukashuka nao mteremko wote hadi bondeni kwenye mashamba ya mboga. Bosi wangu Kenny alipanda juu ya jiwe akasema masika yakija maji ya mvua yatapita humo, hayatabomoa tena matuta ya akina mama. Watu wakapiga makofi. Na mimi nikapiga.

Mama mdogo Nyirahabimana amechimba kuwashinda wanaume. Ana shamba lake huko bondeni, dodo, yaani mchicha, karoti na kabichi, na hoteli ndiyo mteja wake mkubwa. Mimi ndiye niliyewakutanisha. Ninaishi kwake tangu nitoke Biryogo kwa wazazi kuja kufanya kazi huku Kicukiro. Nyumbani mimi ndiye ninayeongea, yeye anasikiliza tu, mpaka wakati mwingine namwonea huruma. Leo kanywa juisi akafuta mdomo akasema, "Huyu Kenny yenu iko mtu muzuri sana."

Jumanne, 25 Februari

Jua. Vumbi. Watoto wamegeuza mfereji uwanja wa mpira.

Jumapili, 2 Machi

Ramadhani pili, na mvua ya kwanza imeshuka mchana wakati niko kwenye ziara na wageni. Hiyo ndiyo kazi yangu, kuwatembeza wageni na kuwaonyesha jinsi hoteli yetu inavyotunza mazingira. Nawaonyesha mirija ya mianzi, sahani za majani ya mgomba, kikaratasi bafuni kinachowaomba wasitake taulo zifuliwe kila siku. Nawaonyesha mtambo wa kusafisha maji machafu, sanduku kubwa la kijani nyuma ya jiko, na nasema maji yanayotoka humo ni masafi ya kumwagilia bustani. Mwisho kila mgeni anapanda mti.

Hapo kwenye miti huwa nauma ulimi. Nafasi ya kupandia iliisha zamani. Mgeni akiondoka, tunabadilisha kibao cha jina tu, mti ni uleule. Kuna mti mmoja kando ya geti umeshapandwa na Mjerumani, Wachina wawili na mchungaji wa Texas. Nilimwuliza Kenny, akacheka, "Shami, cha muhimu ni moyo wa mtu aliyepanda." Kenny amekulia Kampala, anajua kuongea, na ukimsikiliza unatoka umekubali hata ulichokuja kukikataa.

Alhamisi, 6 Machi

Mvua asubuhi. Mvua mchana. Nguo hazikauki.

Jumanne, 11 Machi

Mama mdogo kanipigia simu kazini, yeye ambaye hapigi simu. "Shami, njoo uone. Shamba iko na povu."

Nilishuka kabla ya futari. Povu jeupe limekaa katikati ya matuta, limeganda kwenye majani ya dodo. Nikalichota, nikalinusa. Mchaichai! Ni sabuni ya vyumbani kwetu, ileile ninayowaambia wageni kwamba haimdhuru hata chura. Na chini ya mchaichai kulikuwa na harufu nyingine ambayo sitaiandika na saumu yangu.

Mama mdogo hakupiga kelele. Alichukua kijiti akachora mstari kukata shamba. "Upande hii ya mufereji siuzi tena," akasema. "Nitauza ya kule juu peke yake." Nikamwambia asiwe na wasiwasi, nitaongea na Kenny.

Jumatano, 12 Machi

Nimeongea na Kenny. Ametikisa kichwa kwa masikitiko, kasema ni mvua imeosha ukuta uliopakwa sabuni, atatuma mtu. Kanipa na boksi la tende za kufuturia. Nimerudi nimeridhika. Nimemweleza mama mdogo, naye kachukua jembe akaenda shambani.

Ijumaa, 14 Machi

Mtu hajatumwa. Mvua.

Jumatatu, 17 Machi

Kundi la watalii waliokuwa waende kuona sokwe wameamka wanatapika. Gari la wagonjwa limekuja na kurudi. Hakuna ziara.

Jumatano, 19 Machi

Nina hasira.

Asubuhi Kenny alituita wafanyakazi wote. Alisema uchunguzi umefanyika na chanzo ni mboga za bondeni. Za nani? Akataja jina zima, Nyirahabimana, mbele ya watu, na mimi nimesimama pale na kitambulisho changu kifuani. Kisha akachukua gari akaenda soko la Kicukiro pamoja na mwenyekiti wa ushirika wa mboga. Alisimama katikati ya meza za wauza nyanya akatangaza kwa sauti kwamba kuanzia leo hoteli haimchukulii tena yule mama, mboga zake zimelaza watu hospitali, na afya ya wateja ni kitu cha kwanza. Haya nimeyasikia kwa Umutoni muuza vitunguu, maana mama mdogo mwenyewe hakunisimulia. Alikuwa ameketi pale pale nyuma ya meza yake.

Uchunguzi gani! Nani alikuja kuchunguza, lini, na nini?

Nimefika nyumbani nimemkuta anachambua maharage. Nikaanza kulia, nikaanza kumlaani Kenny na ukoo wake wote, astaghfirullah, mwezi wenyewe huu. Yeye akasema, "Funga mulango, majirani wanasikia." Nikamkasirikia na yeye. Nilimwambia mtu anayenyamaza hivi ndiye anayekaliwa kichwani. Yeye akaendelea kuchambua maharage yake.

Ijumaa, 21 Machi

Mama mdogo hajauza kitu. Hata wanaomjua miaka yote wanapita kama hawamwoni. Mmoja alirudisha karoti alizonunua Jumanne, na bado anadai hela yake.

Jumapili, 23 Machi

Leo nimeongea na Eustache, mpishi mkuu. Kwa kweli nilikuwa simpendi. Ni mtu wa kununa, amekulia Bujumbura na kila siku ni Bujumbura hivi, Bujumbura vile, samaki wa huku si samaki. Nilimkuta ghalani kakaa juu ya gunia la viazi.

"Dada Shami," akasema, "funga huo mlango."

Nikaufunga.

"Wiki ile ya ugonjwa mimi sikununua kwa mama yako mdogo. Gari lilikwama tope. Mboga zote nilitoa duka kubwa la mjini."

Nilidhani sikusikia vizuri. "Na Kenny anajua?"

"Nilimwambia siku ileile. Akasema nikanyamaze."

"Na wewe ukanyamaza."

"Nina watoto shuleni, dada."

Akaendelea mwenyewe, kama mtu aliyefungua bomba. Ule mtambo wa kijani ulikufa tangu Januari. Kipuri kiliagizwa, hakikufika. Maji ya jikoni, ya kufulia, ya vyooni, yote yakawa yanafurika nyuma kule, na wageni wakaanza kuziba pua. Ndipo Kenny akapata wazo la umuganda.

Nilikaa chini. Yaani sisi! Mtaa mzima tumeamka alfajiri na majembe, tumeimba, tumepiga picha na fulana, kumbe tunawachimbia njia ya choo chao mpaka kwenye sahani zetu. Na juisi tukanywa. Na asante tukasema.

Nimemwomba Eustache aje aseme hayo mbele ya watu. Kakataa. Nimemwita mwoga usoni kwake, na sijutii.

Jumanne, 25 Machi

Kabla ya kazi nilizunguka nyuma ya ukuta. Kweli, nyuma ya mianzi kuna bomba nene jipya, limeingizwa mdomoni mwa mfereji. Lilikuwa linatema.

Nikaenda moja kwa moja ofisini kwa Kenny, sikugonga.

"Lile bomba la nini?"

Hakushtuka, hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Akaniomba nikae. Akasema ni jambo la muda tu. Akasema wakaguzi wanakuja mwishoni mwa Aprili kuona kama tunastahili nembo ya kijani, na tukiikosa mashirika ya watalii yatatuhama, hoteli itafungwa, na wafanyakazi wote watarudi kwenye foleni ya kutafuta kazi. "Unataka hilo, Shami?"

"Nataka usafishe jina la mama mdogo."

"Tukipata nembo nitamrudisha. Nitamnunulia hata matanki ya maji. Kwa sasa mwambie avumilie."

"Ulijua mboga si zake."

Akatazama dirishani. "Ilibidi niwape wageni jibu," akasema. Kisha akaniambia wanafikiria kunipandisha cheo, niwe mkuu wa mazingira.

Mkuu wa mazingira! Wallahi nilicheka kwa sauti, nikatoka. Lakini nimeenda kufanya ziara ya saa nne kama kawaida, nikasimama mbele ya lile sanduku bovu nikasema maji yanatoka masafi. Nimejichukia. Mshahara wangu ndio unaolipa nyumba tangu soko lifungwe kwa mama mdogo, basi nikasema.

Jumamosi, 29 Machi

Umuganda. Nilipanga kusema kwenye kikao cha baada ya kazi, mbele ya Mukankusi, mkuu wa mudugudu, yaani mtaa wetu. Nilinyoosha mkono. Kenny naye alikuwepo, akapewa nafasi kwanza, akashukuru, akashukuru tena, akagawa juisi, mpaka wingu likapasuka na watu wote wakakimbia. Nilibaki nimesimama kwenye mvua na mkono juu kama mjinga.

Jumapili, 30 Machi

Idi. Nimeenda Biryogo. Mama kauliza mbona mdogo wake hakuja kula pilau, yeye ambaye ni Mkristo lakini Idi yetu huwa haikosi. Nikasema ana kazi nyingi.

Jumatatu, 7 Aprili

Leo nchi nzima tunawakumbuka waliouawa mwaka wa tisini na nne. Sitaandika mengine.

Jumanne, 15 Aprili

Mwenyekiti wa ushirika amekuja nyumbani. Hakutaka hata kukaa. Amesema wenzake wanalalamika, mboga zao pia zinakataliwa kwa sababu ya jina la mama mdogo. Ikifika mwisho wa mwezi na mambo hayajabadilika, shamba atapewa mtu mwingine. Lile shamba ni la ushirika, lakini aliyelitoa kwenye matete ni mama mdogo, na mgongo wake ndio umelijenga.

Nikamrukia yule baba. Nikamwuliza kama ameona povu, kama ana pua. Akasema amekuja kuleta ujumbe tu. Wote siku hizi wanaleta ujumbe tu!

Alipoondoka nikaona mama mdogo anajikuna miguu. Nikavuta taa karibu. Vifundo vyote vina vidonda vyekundu. Ana wiki ngapi anaingia kwenye yale maji, anang'oa zile dodo zilizoharibika asije mtu akaziiba akala? Nikamwuliza mbona hakuniambia.

"Ulikuwa unasema sana," akasema. "Sikupata nafasi."

Ijumaa, 18 Aprili

Mvua kubwa kuliko zote. Ule upande wa juu aliokuwa akiutunza mama mdogo, maji machafu yamefika kwenye mstari wake, yakasimama hapo. Hajalala.

Alhamisi, 24 Aprili

Mvua ya mwisho mwisho, nyepesi. Wakaguzi wamefika. Ni mwanamke na mwanamume, wamepewa vyumba vinavyotazama bustani. Kenny amewapangia umuganda wa Jumamosi kama sehemu ya ukaguzi, wajionee hoteli inavyoshirikiana na wananchi. Kazi ya siku hiyo ni kupanua mfereji. Kupanua! Na mimi ndiye nitakayewaeleza.

Ijumaa, 25 Aprili

Jua tangu asubuhi mpaka jioni. Nimepiga pasi sare.

Jumamosi, 26 Aprili

Nimerudi nyumbani mchafu kuanzia kichwani, na naandika yote kabla sijaoga.

Watu walijaa kuliko mwezi wa pili. Fulana mpya, majembe mapya, juisi. Wakaguzi wamevaa buti za mpira zilizotoka dukani jana. Mukankusi akasoma kazi ya siku, Kenny akapanda juu ya jiwe lake, akanipungia mkono nianze maelezo. Nikaanza kuogopa. Nikaona mama mdogo amesimama nyuma kabisa, amefunga vidonda kwa vitambaa, na hakuna mtu aliyekubali kusimama karibu naye. Basi hofu ikaisha, ikabaki hasira.

Nikasema kwa Kiswahili, kisha Kinyarwanda, kisha Kiingereza kwa ajili ya wakaguzi: "Kabla hatujaupanua, nyote tazameni mferejini. Mvua mara ya mwisho imenyesha lini?"

"Juzi," mtu akajibu.

"Jana jua liliwaka siku nzima. Na leo linawaka. Haya maji yanayopita hapa ni ya mvua gani?"

Maji yanapita na povu lake, taratibu. Kenny akacheka, "Shami, tuendelee na kazi," lakini mimi nilishaanza kupanda mteremko, na watu, kwa umbea tu kama si kwa kingine, wakanifuata. Nilifika nyuma ya ukuta nikafunua mianzi kwa mikono yote miwili. Bomba lilikuwa linafanya kazi yake. Karatasi za chooni zimenasa mdomoni. Yule mkaguzi wa kike akaziba pua, mwenzake akatoa simu akaanza kupiga picha.

"Mtambo umekufa tangu Januari," nikasema. "Mfereji huu si wa mvua. Tumewachimbia choo, na tukawapigia makofi."

Kelele zilizotoka hapo! Kenny akawa anaeleza kipuri, kipuri, hakuna anayemsikiliza. Mukankusi, ambaye amekulia Tanzania na huwa hapandishi sauti, akamwuliza, "Jamani Kenny, ni kweli?" Naye badala ya kusema ndiyo au hapana, akasema, "Ni la muda tu, mama."

Mama mdogo akapita katikati yetu. Akainua jembe, akabomoa ukingo, akautupa udongo ndani ya mfereji. Akainua tena. Nilidhani watamkataza. Mukankusi akavua koti lake, akalikunja akaliweka juu ya nyasi, akasema, "Umuganda wa leo ni kufukia."

Tulifukia kwa yaleyale majembe ya hoteli, na kwa bidii kuliko siku ya kuchimba. Kina mama walikuwa wanatukana huku wanashindilia kwa miguu. Kabla hatujafika nusu ya mteremko maji yalishakosa njia, yakarudi yalikotoka, yakapenya chini ya ukuta na kutokea kwenye bustani, pale wageni walipokuwa wanakula matunda yao. Tulisikia viti vinasukumwa. Kenny alinitazama akaniambia nisirudi kazini. Nikavua kitambulisho nikamkabidhi.

Nimeshuka nyumbani naimba. Mama mdogo alikuwa ameketi kizingitini anaosha miguu. Nikasubiri aniambie kitu. Akaniuliza, "Umewaambia mboga zangu hazikuumiza mutu?"

Nikatafuta. Nimesema bomba, nimesema mtambo, nimesema choo, nimesema kwa lugha tatu. Hilo sikulisema. Mtu yule alitukanwa sokoni mbele ya kila mtu, na nilipopata nafasi ya kusimama mbele ya kila mtu nikamsahau.

"Sasa ndiyo wanajua maji gani iliingia kwangu," akasema bila hasira. "Watanunua kweli?"

Jumatatu, 28 Aprili

Jana mama mdogo alikwenda misa. Leo asubuhi amevaa kitenge chake cha harusi na buti zake za shamba, akajaza kapu karoti za upande wa juu, zile ambazo maji hayakuzigusa. Nikamfuata, yeye hakuniita.

Miaka yote ameleta mboga kwa mlango wa nyuma. Leo amepita mlango wa mbele. Akatembea juu ya zulia na tope lake, akaketi kwenye kochi la mapokezi, kapu mapajani. Msichana wa zamu akamwuliza anamtafuta nani. "Kenny," akasema. "Nitamungoja."

Kenny akatoka, macho mekundu, maana harufu imejaa mpaka mapokezi na wageni wanaburuta masanduku yao nje. Akasema anasikitika, akasema hoteli itamfidia. Alianza kutoa pochi.

"Weka pesa yako," mama mdogo akasema. "Uliniharibia sokoni. Twende sokoni useme."

"Mama, nimeshakuomba msamaha."

"Hapa nani amesikia?"

Akaendelea kukaa palepale. Kenny akarudi ofisini. Akatoka, akatukuta. Akarudi tena. Walinzi wakaja wakasimama, na mimi nikawaambia wajaribu kumgusa waone. Mlango wa jikoni ukafunguka. Eustache akatoka, kofia mkononi, akapita mbele ya wote akaja kukaa kwenye kochi upande wa pili wa mama mdogo. "Mimi ni shahidi," akasema. "Mboga zile nilinunua duka la mjini. Nitakwenda kuyasema sokoni kama bosi hataki."

Kenny akafunga mlango wa ofisi yake. "Haya," akasema. "Twende."

"Tangulia," mama mdogo akamwambia.

Akatangulia kwa miguu, barabara nzima, sisi nyuma yake na kapu. Soko lilikuwa limejaa. Alipofika kwenye meza za wauza nyanya akasimama, akakohoa, akainama kidogo akawaambia Umutoni na wawili watatu waliokuwa karibu kwamba kulikuwa na makosa, mboga zile hazikutoka kwa huyu mama.

Mama mdogo aliweka kapu lake mezani.

"Kwa sauti," akasema. "Siku ile uliposema ni mimi, ulisema kwa sauti."